Jina la Pembe ya Kulia

Ukiipata picha ya sura ya mtu iliyochapwa Uingereza katika karne ya kumi na tisa, usiishie kuutazama uso. Teremsha macho hadi chini kabisa, kwenye ukingo mweupe wa karatasi. Hapo aghalabu utaona majina mawili yaliyoandikwa kwa herufi ndogo mno. La kushoto ni la mchoraji, yaani yule aliyekaa mbele ya mwenye sura akaichora kwa rangi za mafuta. La kulia ni la mtu mwingine, nalo hufuatwa na kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "alichonga". Mara nyingi mtu huyu wa kulia hakupata kukutana na mwenye sura. Alichokiona ni picha ya mwenzake tu, na kazi yake ilikuwa kuihamisha kutoka kwenye kitambaa hadi kwenye bamba la shaba, ili watu mia, au elfu, waweze kuwa nayo majumbani mwao.

Nimekuwa nikiyasoma majina haya ya pembe ya kulia kwa miaka mingi, na sababu yake ni ya kibinafsi. Riziki yangu niliipata kwa kufasiri vitabu. Mfasiri naye hukaa pembe hiyo. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Samuel Cousins, niliona kana kwamba nasoma habari za ndugu wa ukoo ambaye hatukupata kuonana.

Cousins alizaliwa Exeter, mji wa kusini magharibi mwa Uingereza, tarehe 9 Mei 1801. Tangu utotoni alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora sura za watu kwa penseli. Kipaji hicho kilimfikisha London angali mvulana, akawa mwanagenzi wa Samuel William Reynolds, mmoja wa wachongaji waliosifika wakati ule. Msomaji anaposikia neno mchongaji huenda akakumbuka vinyago vya Wamakonde. Hawa ninaowasema hawakuchonga mti wala jiwe. Walichonga mabamba ya madini yaliyolainishwa kama kioo, wakayatia wino na kuyachapa kwenye karatasi.

Reynolds, bwana wake, alikuwa akitoa mfululizo wa picha ndogondogo zipatazo 360, zote zikiwa nakala za michoro ya mchoraji mkuu wa karne iliyotangulia, Sir Joshua Reynolds. Majina yao yanafanana, lakini ni watu wawili mbalimbali. Nyingi katika picha zilizo bora za mfululizo ule zilichongwa na mwanagenzi Cousins. Zilitoka kwa jina la bwana. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa kazi, wala hakuna aliyeuona kuwa ni wizi: mwanagenzi alilipa kwa mkono wake elimu aliyopewa. Hata hivyo nikifikiri juu ya kijana yule, akiinama usiku na mchana juu ya bamba lenye ukubwa wa kiganja, huona kwamba mwanzo wake ulikuwa chini hata ya ile pembe ya kulia. Yeye hakuwa na pembe yoyote.

Inafaa nieleze kazi yenyewe, maana bila kuijua hatuwezi kuipima. Aina ya uchongaji aliyojifunza Cousins huitwa mezotinti. Ilibuniwa na Ludwig von Siegen, mtu wa nchi za Kijerumani, mnamo mwaka 1642, lakini Waingereza waliishika kwa mapenzi makubwa hata Wafaransa wakaiita namna ya Kiingereza. Mchongaji huanza kwa chombo kizito chenye ncha ya mviringo iliyojaa meno madogo makali. Hukipembeza juu ya bamba la shaba huku na huku, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, tena na tena, mpaka uso wote wa bamba unakuwa na vitundu visivyohesabika na chembe za shaba zilizoinuka. Bamba kama hilo likitiwa wino na kuchapwa, hutoa weusi mtupu, mzito na laini kama mahameli. Hapo ndipo picha huanza. Kwa kisu cha kukwangulia, mchongaji hupunguza zile chembe mahali anapotaka mwanga. Akikwangua kidogo hupata kijivu cha jioni. Akikwangua zaidi hupata mwanga wa shavu. Akisugua hadi shaba iwe laini kabisa, wino haushiki, na hapo hutokea weupe wa ukosi wa shati au mng'aro wa jicho.

Mchoraji wa penseli huanza na karatasi nyeupe akaitia giza kidogo kidogo. Huyu huanza na giza tupu akautoa mwanga ndani yake. Tena hufanya hivyo kinyumenyume, kwa sababu kila kilicho kulia kwenye bamba hutokea kushoto kwenye karatasi. Kwa hiyo wengi walikuwa na kioo mezani, wakiitazama picha ya asili ndani yake. Na kosa la kukwangua kupita kiasi halifutiki kwa urahisi: sehemu ile yapasa ipigwe meno upya. Bandu bandu huisha gogo, wasema wahenga. Kwa mchongaji wa mezotinti, bandu bandu ndiyo iliyoleta uso.

Mwaka 1826 Cousins alianza kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Mchoraji aliyeshika soko la sura wakati ule alikuwa Sir Thomas Lawrence, mkuu wa Akademia ya Kifalme ya Sanaa. Cousins alichonga picha ya Lawrence ya Lady Acland na wanawe, kisha ile ya mtoto Charles William Lambton, na nyinginezo, ikiwamo ya Papa Pius VII. Lawrence alipenda mwanga mkali, nguo zenye kumeremeta na macho yenye unyevu, na mkono wa Cousins ukawa kama umeumbwa kwa ajili hiyo.

Nitaitazama ile ya mtoto Lambton peke yake. Lawrence aliichora mwaka 1825. Mvulana wa miaka sita au saba ameketi juu ya mwamba, mkono mmoja umeegemeza kichwa, macho yanatazama mbali. Amevaa suti ya mahameli nyekundu, nyekundu hasa, na ndiyo sababu Waingereza wengi huijua picha hii kwa jina la Mvulana Mwekundu. Sasa fikiri, msomaji: mchongaji amepewa kazi ya kumleta Mvulana Mwekundu mbele ya watu ambao wengi wao hawataiona picha ya asili maisha yao yote, na katika vyombo vyake hana nyekundu. Ana weusi wa wino na weupe wa karatasi, basi. Afanyeje?

Alichofanya Cousins si kuitafuta nyekundu. Aliitafuta mahameli. Aliuacha weusi ukae katika mikunjo ya nguo, akauinua mwanga pale kitambaa kinapopanda juu ya goti na bega, hata mtazamaji ahisi kwamba akiigusa karatasi atagusa manyoya ya kitambaa. Kisha uso na mikono ya mtoto akaviacha viwe ndivyo vyenye mwanga zaidi ya vyote. Rangi ilipotea, lakini kile ambacho rangi ilikuwa ikikifanya, yaani kumtenga mtoto yule na giza la mwamba na usiku, kilibaki. Mtoto mwenyewe alifariki mwaka 1831 akiwa na miaka 13. Mchoro wa Lawrence ulikaa kwa ukoo wa Lambton kwa karibu karne mbili, hadi Jumba la Taifa la Sanaa la London lilipoununua mwaka 2021 kwa pauni milioni 9.3. Katika miaka yote ile ya kati, kwa watu wengi waliompenda yule mtoto, aliyempeleka kwao alikuwa kwanza ni Cousins na wenziwe wa kazi za kunakili.

Je, kazi ya namna hii ni sanaa, au ni utumishi? Swali hilo halikuwa la mazungumzo ya barazani tu. Akademia ya Kifalme ilipoanzishwa mwaka 1768, wachongaji hawakupewa nafasi ndani yake. Francesco Bartolozzi, Mwitaliano aliyekuwa bingwa wa kuchonga, aliingizwa kwa kisingizio kwamba ni mchoraji, jambo lililomuudhi sana mchongaji mwenzake Robert Strange. Baadaye kidogo likawekwa daraja la wachongaji sita, waitwe washiriki. Washiriki hao waliruhusiwa kuonyesha kazi zao, lakini hawakuweza kupanda kuwa wanachama kamili. Hoja ya wakubwa ilikuwa fupi: mchongaji hana cha kwake, ananakili tu.

Ajabu ni kwamba wakubwa haohao walijengewa sifa na wachongaji. Sir Joshua Reynolds, mkuu wa kwanza wa Akademia, picha zake ziliingia majumba ya watu na nchi za mbali kwa njia ya mezotinti. Husemekana kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa James McArdell, mchongaji wake, ndiye atakayemfanya asisahaulike. McArdell alikufa mwaka 1765, kabla Akademia haijazaliwa, na kwa hiyo hakupata fursa ya kukataliwa mlangoni.

Aliyeijibu hoja ile kwa maneno alikuwa John Landseer, mchongaji pia. Mwaka 1806 alitoa mihadhara London juu ya uchongaji, na moja ya hoja zake kuu ilikuwa hii: kuchonga si kunakili, ni kufasiri. Anayenakili hutumia vitu vilevile alivyotumia mwenye asili. Anayefasiri hutoka katika lugha moja akaingia nyingine, na katika ile ya pili lazima ayatafute upya maneno yenye nguvu ileile. Rangi ni lugha moja. Weusi na weupe ni lugha nyingine. Mihadhara ile ilikatizwa kabla ya kwisha kwa sababu Landseer alimshambulia mno mchapishaji mmoja mashuhuri, marehemu Boydell, na wachongaji wakaendelea kubaki nje kwa karibu miaka hamsini tena.

Niliposoma hoja ya Landseer kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatulia. Mtu yule alikuwa akinieleza mimi kazi yangu. Miaka mingi iliyopita nilifasiri kitabu cha malezi na afya ya watoto wachanga, kurasa zaidi ya mia mbili. Kilipotoka, jina la mwandishi lilikuwa juu ya jalada, la mchapishaji chini yake, na ndani likawapo hata la aliyepiga picha ya jalada. Langu halikuwapo. Mchapishaji, ambaye sitamtaja, aliniambia kwa upole kwamba msomaji hana haja ya kujua kitabu kimepita mikononi mwa nani. Nililipwa haki yangu yote, nikanyamaza.

Kama mwaka mmoja baadaye nilikuwa safarini, na ndani ya basi nilikaa jirani na mama mmoja aliyekuwa na kitabu kile mkobani, kimechakaa kwa kusomwa. Nilimwuliza kama kinamfaa. Akasema, "Kinanifaa sana, mzee wangu. Nadhani aliyekiandika ni mtu wa kwetu, maana anasema kama anavyosema mama yangu." Mwandishi alikuwa mtu wa Ulaya asiyejua Kiswahili hata neno moja. Sikumwambia yule mama kitu. Nilitazama nje dirishani, na moyoni mwangu furaha na uchungu vilikuwa vimeshikana mikono hata nisiweze kuvitenganisha. Sifa kubwa kuliko zote anazoweza kupata mfasiri ni kwamba asionekane. Na akishapata sifa hiyo, hakuna anayejua ampe nani.

Cousins alichaguliwa kuwa mshiriki wa Akademia mwaka 1835. Alikaa katika daraja lile la chini kwa miaka 20. Hatimaye Akademia ikabadilisha kanuni zake, na mwaka 1855 yeye akawa mchongaji wa kwanza kupewa uanachama kamili kwa uchongaji wake, bila kulazimika kujifanya mchoraji. Alikuwa na umri wa miaka 53. Bwana wake Reynolds alikwisha kufa zamani, na John Landseer alifariki mwaka 1852, miaka mitatu tu kabla ya mlango alioupigania kufunguliwa. Wengi waliostahili kuingia walikuwa wamekwisha pita.

Nisimpambe Cousins kupita kiasi, kwani ushindi wake ulikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na kazi yenyewe. Shaba ni laini. Bamba la mezotinti likichapwa mara mia hivi au zaidi kidogo, zile chembe zilizoinuka huanza kulala, mahameli ikachujuka, na nakala za mwisho zikawa kama kivuli cha zile za kwanza. Wachapishaji walitaka nakala nyingi zaidi. Mnamo mwaka 1822 Thomas Lupton alionyesha kwamba mezotinti inaweza kuchongwa juu ya bamba la chuma cha pua, na baada ya hapo soko halikutaka kusikia habari za shaba. Chuma kilitoa nakala kwa mamia na maelfu. Lakini chuma ni kigumu. Kukwangua kulikochukua siku moja katika shaba kulitaka siku nyingi katika chuma, na mkono haukuwa tena na uhuru ule wa kwanza.

Cousins akatafuta njia ya kati. Alichanganya mezotinti na mistari iliyochomwa kwa tindikali, na vidoadoa, na kijigurudumu chenye meno cha kuongezea giza. Mchanganyiko huo ulikuwa wa haraka zaidi na ulistahimili kuchapwa. Watu waliupenda mno. Mwaka 1837 ilipotoka picha yake ya Bolton Abbey, kutoka mchoro wa Edwin Landseer, mtoto wa yule John, mchongaji mkongwe wa mistari Abraham Raimbach alihesabu kwamba kuanguka kwa ufundi wake yeye kulianzia siku ile. Basi mafanikio ya Cousins yaliwanyima wengine kazi. Na wajuzi wa sanaa waliokuja baadaye walisema, nadhani kwa haki, kwamba picha zake za shaba za ujanani zina pumzi ambayo nyingi za chuma za baadaye hazina. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini katika habari hii mgema hakuwa peke yake. Wanywaji walidai vibuyu vingi kuliko mnazi ulivyoweza kutoa. Nimeona jambo hilohilo katika ufasiri. Unayepewa miezi sita huandika. Unayepewa majuma matatu hutoa kurasa.

Katika uzee wake Cousins alikutana na ukoo mwingine wa wachongaji kwa njia ninayoipenda kuliko zote katika maisha yake. William Holl mkubwa, aliyefariki mwaka 1838, alikuwa mchongaji wa sura kwa vidoadoa, na wanawe wanne wote walishika kazi ya baba. Mmoja, William mdogo, ndiye aliyechonga sura ya David Livingstone iliyowekwa katika kitabu cha safari zake kilichotoka London mwaka 1857. Mchoro ulikuwa wa Henry Phillips. Kitabu kilinunuliwa kwa makumi ya maelfu, na kwa hiyo watu wengi waliodhani wanamjua Livingstone kwa uso, walikuwa wakivijua vidoa vya Holl.

Hapo hadithi hii inatugusa kidogo sisi wa huku. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, kisha wakauchukua mwili hadi Bagamoyo. Aliyechonga maandishi kwenye gome la mti ule alikuwa Jacob Wainwright. Aliandika jina la Livingstone, tarehe, na majina matatu ya wenziwe. Jina lake mwenyewe hakulichonga. Kipande cha mti ule kilikatwa baadaye kikapelekwa London, kikahifadhiwa. Yeye pia namweka katika pembe ya kulia, ingawa hakuwa na bamba wala kioo, alikuwa na kisu na gome tu.

Mtoto mwingine wa Holl alikuwa Francis. Huyu alichonga sura za watu wa jamaa ya Malkia Victoria kwa miaka mingi, na pia ile picha kubwa ya Frith ya kituo cha garimoshi. Mchoro wa Frith ulionyeshwa London mwaka 1862, na watu zaidi ya 20,000 walilipa kuuona. Nakala ya Holl ilitoka mwaka 1866. Francis alichaguliwa kuwa mshiriki wa Akademia mwezi Januari 1883, akafariki Januari 1884. Heshima ile aliionja kwa mwaka mmoja tu.

Mwanawe Francis, aitwaye Frank, hakutaka kuchonga. Alikuwa mchoraji wa rangi, wa picha za majonzi ya maskini: wajane, mama aliyepoteza mtoto, wafungwa na wake zao gerezani Newgate. Mwaka 1879 alimchora mzee Samuel Cousins. Picha hiyo ndiyo iliyombadilisha. Ilipoonyeshwa Akademia ilisifiwa hata watu wakubwa wakaanza kupanga foleni wachorwe na Frank Holl, na kwa miaka tisa iliyobaki ya maisha yake alichora sura karibu 200. Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alifariki tarehe 31 Julai 1888 akiwa na miaka 43.

Picha ile ya Cousins leo imo katika mkusanyo wa Tate, London. Kwa zaidi ya nusu karne mzee yule alikuwa amehamisha nyuso za watu wengine kutoka kitambaa hadi chuma. Sasa uso wake ndio uliokuwa kwenye kitambaa, umechorwa na mtoto wa mchongaji, mtu aliyekulia nyumba yenye harufu ya wino na kuziona juhudi za mikono ya baba yake. Sina haja ya kubuni walichozungumza. Inanitosha kwamba aliyeweza kuutazama uso ule na kuona unastahili kuchorwa, alikuwa mtoto wa kazi ileile.

Mwaka uliofuata ulitoa habari nyingine. Millais alikuwa amechora msichana mdogo mwenye kofia nyeupe na utepe wa waridi, picha iitwayo Cherry Ripe. Gazeti la Graphic likaichapa kwa rangi katika toleo lake la Krismasi la mwaka 1880, likauzwa kwa laki kadhaa za nakala.  Cousins aliichonga picha hiyohiyo, na chapa yake ikatoka mwaka 1881, yeye akiwa na miaka 80. Mwaka 1882 akatoa Pomona, nayo ya Millais. Mashine za rangi zilikwisha fika, picha za kamera zilikwisha fika, na mzee yule aliendelea kukwangua chuma chake. Wakati huohuo ilikwisha gunduliwa njia ya kuivika shaba utando mwembamba wa chuma kwa nguvu za umeme, ili bamba laini litoe nakala nyingi. Wachongaji waliomfuata wakairudia shaba. Ile njia ya kati iliyomtajirisha ikaachwa.

Wapo watakaosema kwamba maisha kama hayo yalipotea: mtu akachonga za wengine kwa zaidi ya miaka sitini, kisha ufundi wake ukapitwa na wakati. Mimi sikubali, wala sikubali faraja ya rahisi inayosema kwamba jina si kitu. Jina ni haki. Mwaka 1855 ulikuwa na maana, na ilikuwa dhuluma kuungoja muda wote ule. Kijana yeyote anayeniletea kazi yake ya kufasiri namwambia adai jina lake liwekwe kitabuni, hata kwa herufi ndogo, kabla hajatia sahihi mkataba. Lakini pia namwambia kwamba jina halitamsaidia siku atakapokutana na nyekundu naye hana nyekundu. Siku hiyo ataulizwa kitu kimoja: je, umeijua kazi iliyokuwa ikifanywa na rangi ile, na je, unayo subira ya kuitafutia mwanga wake katika lugha yako? Hapo hakuna wa kumsaidia, na hapo ndipo kazi inakuwa yake.

Cousins hakuoa. Alifariki London tarehe 7 Mei 1887, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 86. Katika uzee wake alikabidhi Akademia, ileile iliyomweka darajani kwa miaka 20, pauni 15,000, ili faida yake wapewe posho wasanii wazee ambao hawakuwa na bahati kama yake. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa siku zile, na zilitoka kwenye bamba moja baada ya jingine. Nadhani aliwajua kwa majina watu aliowafikiria: waliokwangua shaba pamoja naye wakapofuka macho, walioachwa soko lilipogeukia chuma, na pengine hata wale wa mistari ambao picha yake ya 1837 iliwafungia milango. Hakuweza kuwaandika wote chini ya picha. Aliwatengea chakula.